Nani atakukatalia? Juu ya IA, asistanti na Jumamosi zetu

Kwa wiki tatu sasa kundi letu la WhatsApp limegawanyika. Kuna pendekezo mezani: tuache zile repetisyo za Jumamosi tunazowapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na pesa ya transporti ya wakufunzi tuwanunulie wanafunzi mega, kila mmoja atumie ChatGPT kwao nyumbani. Sababu zimeandikwa vizuri, hata mpinzani anazielewa. Mashine inajua mambo mengi kuliko sisi wote tukiwekwa pamoja. Haichoki, haichelewi, haiombi pesa ya taksi, na hata saa nane za usiku inajibu. Mwenzetu mmoja akamalizia kwa sauti: "Sasa tunaenda kufanya nini pale? Mutoto akiuliza, IA inamujibu muzuri kutushinda." Vidole gumba vikamiminika.

Mimi napinga. Lakini sipingi kwa zile sababu zinazorudiwa kila siku, kwamba mtu ni mtu na mashine ni mashine, kwamba mwalimu ana roho na simu haina. Hizo ni sababu za watu ambao hawajatazama tena walikotoka.

Tuseme tu ukweli juu ya huyu mwalimu tunayemtetea. Wale wanaokataa IA wanatuchorea mtu ambaye wengi wetu hatukukutana naye: mtulivu, anajua jina lako, anakuuliza maswali hadi wewe mwenyewe unazaa jibu, kama Sokrate kule Athene. Oditwari tulizopitia zilikuwa namna gani? Vijana mamia kwa mamia, wengine wamesimama dirishani, maikrofoni inakoroma, profesa anasoma silabusi, sisi tunaandika. Siku ya egzame unarudisha yale yale uliyopewa, na ukithubutu kuyarudisha kwa maneno yako mwenyewe, pointi zinashuka. Silabusi yenyewe tuliinunua, na kila mtu anajua mambo yalivyomwendea yule ambaye hakuinunua. Tena kuna zile pointi ambazo vyuo vyetu vimezipa jina la ugonjwa wa zinaa, tukacheka, na dada zetu hawakucheka. Simu haina mkono wa kumshika mtu. Kama mwalimu wa nyama na damu maana yake ni hayo, basi mwanafunzi anayekimbilia simu yake ana haki, na mimi nitamfungulia mlango akimbie.

Njo maana naona mjadala wetu umeanza vibaya. Upande mmoja unalinganisha mashine ya kweli na mwalimu wa ndoto. Upande mwingine unalinganisha mwalimu wa kweli, aliyechoka, ambaye mshahara wake umechelewa, na mashine ya ndoto, ile ambayo mtandao haukatiki, umeme haukatiki, na mwanafunzi anajua vizuri la kuiuliza. Kila upande unashinda kwa urahisi sana.

Ndoto ya mwalimu wa mtu mmoja si ya jana. Mwaka 1984 Benjamin Bloom, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alichapisha makala ambayo mpaka leo inatajwa na kila mtu anayeuza programu ya kufundishia. Alieleza kwamba mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa na mkufunzi wake peke yake alifika juu ya asilimia 98 ya wanafunzi waliofundishwa darasani kwa njia ya kawaida. Tafiti za baadaye zilipata faida ndogo kuliko hiyo, lakini faida ilikuwepo. Bloom mwenyewe aliliita jambo hilo tatizo, kwa sababu hakuna nchi inayoweza kumlipa mwalimu mmoja kwa kila mtoto. Kama Marekani haiwezi, Kongo tutasema nini? Kisha, tarehe 30 Novemba 2022, ChatGPT ikatoka, na watu wengi wakaona dawa ya Bloom imepatikana.

Je, imepatikana? Wenzetu wanaotetea mega wametuma viungo vya tafiti kwenye kundi, na nawashukuru, maana walau hawakuja na mikono mitupu. Nimevisoma. Shida ni kwamba wengi walitazama kichwa cha habari wakaishia hapo.

Uturuki, karibu wanafunzi elfu moja wa sekondari, somo la hesabu. Kundi la kwanza lilipewa mashine ya kawaida, ile unayoiuliza inakujibu. Kundi la pili lilipewa mashine iliyotengenezwa kwa msaada wa walimu, isitoe jibu, itoe vidokezo tu. Kundi la tatu lilibaki na daftari na kitabu. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilifanya vizuri zaidi kwa asilimia 48, la pili kwa asilimia 127. Hapo njo watu wengi wanaacha kusoma. Kiisha wakanyang'anywa mashine, wakapewa egzame. Wale wa mashine ya kawaida wakaanguka: asilimia 17 chini ya wenzao ambao hawakuwahi kuishika. Wale wa vidokezo hawakuanguka, lakini hawakuwapita wenzao wa daftari pia. Na jambo lililonishtua mimi si ile 17. Ni kwamba wale wa kundi la kwanza hawakujua kwamba wamejifunza kidogo. Walijisikia sawa. Mtu aliyeshiba hewa bado anajiona ameshiba.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi: jimbo la Edo, Nigeria, mwaka 2024. Wiki sita, baada ya masomo ya kawaida, wanafunzi wa sekondari walitumia akili bandia kujifunza Kiingereza, na Benki ya Dunia ikapima. Matokeo yalikuwa makubwa, hayo siyafichi. Lakini soma vizuri namna kazi ilivyofanyika: walimu walikuwa ndani ya chumba. Wao ndio waliotoa swali la kuanzia, waliopita kati ya meza, waliowaambia wanafunzi wasiamini kila kitu kinachoandikwa na mashine. Mtu anayetumia Edo kututaka tuwaondoe wakufunzi Jumamosi anatumia ushahidi wa sufuria kututaka tutupe mafiga.

Kuna pia Ghana, ambako shule 11 zilijaribu mwalimu wa hesabu anayepatikana ndani ya WhatsApp, kwenye simu ya kawaida, kama saa moja kwa wiki. Watoto walipanda. Huo ndio mfano unaonipa matumaini, kwa sababu haudai kompyuta wala mtandao wa kasi, na mtu yeyote anayejua maisha ya mega hapa Lubumbashi anaelewa uzito wake.

Kwa hiyo mashine inaweza kufundisha. Anayekataa hilo leo anapoteza wakati wake. Ila tuulize: kufundisha nini? Edo walipima Kiingereza na ujuzi wa kompyuta. Uturuki na Ghana walipima hesabu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepima kile ambacho chama chetu kimeandika kwenye karatasi yake ya kwanza kama sababu ya kuwepo kwa zile Jumamosi, yaani kumsaidia kijana aliyetoka sekondari kupata akili ya kuhoji. Hesabu ina jibu mwisho wa ukurasa. Akili ya kuhoji inaanza pale ambapo hakuna jibu mwisho wa ukurasa na bado lazima useme kitu, ukisimamie, mbele ya mtu anayeweza kukukatalia.

Sisi watu wa Lubumbashi hatuhitaji kwenda Athene kutafuta mfano. Mwaka 1945, mji huu ukiitwa bado Élisabethville, kilichapishwa hapa kitabu cha padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, kiitwacho La philosophie bantoue. Tempels alikuwa ameishi miaka mingi kati ya Waluba. Alidai kwamba Wabantu wana filosofia kamili, na moyo wake ni nguvu ya uhai: kuwepo ni kuwa na nguvu, na nguvu hiyo inaongezeka au inapungua. Fikiria wakati ule. Mkoloni anasema mtu mweusi hafikiri, na padri mzungu anaandika kwamba anafikiri, tena kwa utaratibu. Waafrika wengi waliosoma walikipokea kitabu kwa furaha.

Kisha watu wakaanza kukataa. Aimé Césaire, mwaka 1950, alimshambulia Tempels kwa dhihaka kali: ni rahisi sana kuheshimu filosofia ya mtu huku ukiacha wengine wakimnyang'anya ardhi na mshahara. Alexis Kagame wa Rwanda hakukataa kabisa, ila mwaka 1956 aliifanya kazi upya kwa kupitia sarufi ya Kinyarwanda, akionyesha kwamba dai kama lile linahitaji ushahidi wa lugha, si hisia za mmisionari. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaja kufundisha Kinshasa na hapa hapa Lubumbashi kijana kutoka Benin, Paulin Hountondji. Swali lake lilikuwa moja, rahisi, la kuudhi: katika hiyo filosofia ya Wabantu, nani anasema? Jina lake nani? Aliandika lini, alijibiwa na nani? Kwa Hountondji, kusema kwamba watu wote wa bara moja wanafikiri kitu kimoja si kuwaheshimu, ni kuwanyamazisha. Filosofia inaanza pale ambapo mtu mmoja anatia sahihi kwenye maneno yake na mwingine anamwambia, hapana, umekosea, na sababu ni hii.

Hountondji alifariki mwaka 2024, na naye amekataliwa na wengi, Waafrika wenzake, waliomwona amefunga mlango mbele ya wazee wasioandika. Mimi mwenyewe nadhani wana sehemu ya haki. Lakini angalia mnyororo ule: Tempels, Césaire, Kagame, Hountondji, na wale waliomjibu Hountondji. Kila mmoja alilipa kitu kwa kusema alichosema. Kila mmoja ana jina.

Sasa fungua simu yako, uliza: "Je, Tempels alikuwa na haki?" Nimeuliza mara nyingi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Jibu linakuja safi. Kuna wanaosema hivi, kwa upande mwingine kuna wanaosema vile, kwa kumalizia mjadala huu ni muhimu. Mara nyingi hakuna kosa kubwa ndani yake. Hata asistanti wengi hawawezi kukuandikia muhtasari kama ule kwa sekunde kumi. Ila jaribu kitu kingine. Mwambie: "Mimi naona Hountondji aliiga tu Wazungu." Mara nyingi atakwambia hoja yako ina uzito na atakusaidia kuijenga. Fungua mazungumzo mapya, mwambie kinyume: "Mimi naona Hountondji ndiye pekee aliyewaheshimu Waafrika." Hapo pia utasikia una jicho kali. Njo pale nilipomkumbuka Hountondji mwenyewe, maana sauti ile isiyo na jina, inayosema kwa niaba ya wote na isiyogombana na mtu, ndiyo ile ile aliyokuja kuipinga katika mji huu. Tumeipata tena, mara hii inauzwa kwa mega.

Msidhani ninaisingizia. Aprili 2025 kampuni yenyewe iliyotengeneza ChatGPT iliondoa toleo jipya siku chache tu baada ya kulitoa, kwa sababu lilikuwa linawasifu watu kupita kiasi na kukubali kila wanachosema. Walilirekebisha, sawa. Lakini sababu haikuisha. Biashara inataka urudi kesho, na mtu aliyekwambia "umekosea" mara tatu, wewe kesho utamtafuta mwingine. Julai mwaka ule ule wakaongeza namna ya kusomea ambayo haikupi jibu haraka, inakuuliza kwanza. Kitu kizuri. Ila kitufe cha kuizima kiko hapo hapo, na saa tano za usiku, TP inarudishwa kesho asubuhi, mwanafunzi gani ataacha kukizima?

Asistanti mzuri hana kitufe. Nilikuwa naye mmoja katika miaka yangu yote ya chuo, mmoja tu. Ukimletea ukurasa alikuwa anasoma mstari wa kwanza na kukuuliza: "Huyu 'on' ni nani?" Maana sisi wote tuliandika Kifaransa cha "on", inasemekana, inafikiriwa, inajulikana. Ukijibu "ni watu", anakurudishia karatasi. "Leta mtu." Hakuna sifa, hakuna hasira. Alikuwa ananinyima kitu nilichokitaka, yaani ruhusa ya kuendelea, na kwa sababu nilimheshimu, nilirudi. Mashine haiwezi kuninyima kitu kwa namna ile. Naweza kuifunga. Maoni yake juu yangu hayanigharimu usingizi. Haya ya kushikwa ukisema kitu usichokijua, mbele ya mtu ambaye utakutana naye tena Jumatatu, ni sehemu kubwa ya namna watu wanavyojifunza kufikiri kabla ya kusema.

Hapo njo nasikia mwenzangu mmoja, dada aliyesoma sheria, akinijibu, na jibu lake ndilo zito kuliko yote yaliyosemwa kwenye kundi. Anasema ile haya ninayoisifu ndiyo iliyomfunga mdomo miaka mitatu. Alitoka kijijini, Kifaransa chake kilikuwa kinavunjika, siku ya kwanza aliyoinua mkono oditwari nzima ilicheka, na hakuinua tena. "Mashine haikunicheka hata mara moja," aliandika. Sina jibu la haraka kwa hilo, na sitaki kulitafuta. Kwa mtu aliyenyamazishwa, mahali pa kuuliza swali la kijinga bila kichekesho ni mahali pa thamani kubwa. Ninachoweza kusema ni kwamba siku ya kusimama mbele ya juri ilimfikia hata yeye, kama inavyotufikia wote, na siku ile simu inabaki kwenye mkoba. Kuuliza bila kuogopa ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kujibu huku ukiogopa, na hiyo mtu anaizoea kati ya watu wachache wasiocheka. Tungeweza kuwa watu hao. Sidhani tumekuwa siku zote.

Juu ya lugha niseme kidogo, maana wengine wameleta hoja kwamba IA inajua Kiswahili. Inajua Kiswahili cha Dar es Salaam, na vizuri. Ukiiandikia kwa Kiswahili chetu, mara nyingi inakujibu kwa Sanifu, kama mgeni mwenye adabu. Si kosa kubwa. Lakini mkufunzi wa hapa anapoeleza kupanda kwa bei, anaanza na mfuko wa unga wa bukari, bei yake ya mwezi uliopita kwa faranga na bei yake kwa dola, anaingia Kifaransa kwa lile neno la egzame, anarudi Kiswahili kuuliza: "Sasa nani amekula pale katikati?" Darasa linacheka na linaelewa. Huko kuvuka kutoka lugha ya nyumbani kwenda lugha ya memwari ni kazi ya akili, si mapambo.

Kuna hatari nyingine ambayo kwetu ni kubwa kuliko Ulaya, na sijaona mtu akiitaja. Mashine hizi zinabuni vitabu. Mwaka 2023, New York, mawakili wawili walipigwa faini ya dola 5,000 pamoja na ofisi yao kwa kupeleka mahakamani kesi ambazo hazikuwahi kuwepo. ChatGPT ilizitunga na majina na tarehe. Walishikwa kwa sababu upande wa pili ulizitafuta na haukuzipata, na huko, kesi isiyopatikana haipo. Kwetu je? Mwanafunzi anapewa jina la kitabu, anakwenda bibliyoteki, kitabu hakipo. Lakini bibliyoteki zetu hazina hata vitabu ambavyo kweli vipo! Kwa hiyo kitabu kisichokuwepo duniani na kitabu kisichokuwepo rafuni vinafanana kabisa. Mwanafunzi anaandika jina lile kwenye memwari yake kwa nia njema, mwaka unaofuata mwingine analinakili kutoka kwake, na katika miaka mitano tutakuwa na mwandishi maarufu wa Katanga ambaye hajazaliwa. Mtu wa kukwambia "Huyu mimi simujui, umemutoa wapi?" ni mtu aliyesoma, na yuko hapa mjini.

Basi turudi kwenye pendekezo. Nikisema Jumamosi zibaki, sisemi zibaki kama zilivyo. Nimekaa nyuma ya chumba mara kadhaa mwaka huu. Baadhi yetu tunafanya kile kile tulichokilalamikia tukiwa oditwari: tunasimama mbele, tunasoma notsi zetu za zamani, watoto wanaandika. Kwa kazi ile, wenzetu wa mega wana haki moja kwa moja. Kusoma notsi kwa sauti ni kazi ambayo simu inaifanya vizuri zaidi, na anayeendelea kuifanya aache, tumwokolee pesa yake ya taksi.

Ninachopendekeza ni kwamba mashine ije ndani ya chumba, kama Edo. Mega chache, simu moja kwa meza moja. Jumatano kila kikundi kinapata swali moja lisilo na jibu mwisho wa ukurasa. Kwa mfano: kama zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka kwetu, kwa nini bei yake inajadiliwa London? Wanaiuliza IA, wanakuja Jumamosi na jibu lake limeandikwa kwa mkono, kila mstari. Kazi ya saa mbili ni kulivunja jibu lile. Wapi limesema "wataalamu" bila jina? Takwimu hii imetoka wapi? Mtu wa Kolwezi anayechimba kwa mikono yumo ndani ya jibu hili, au amesahauliwa? Mkufunzi hatoi jibu lake kabisa, hata akiombwa. Anauliza tu, na anakataa. Mwisho mwanafunzi mmoja anasimama na kusema jibu la kikundi ni nini na nani ndani ya kikundi halikubali, kwa jina. Kwa Kiswahili au Kifaransa, atakavyo, na anayecheka anatoka nje.

Najua hii ni ngumu kuliko kusoma notsi. Mkufunzi lazima ajiandae, na lazima akubali kwamba siku nyingine mtoto wa miaka kumi na nane atamshinda mbele ya wote. Sote hatutaweza. Kwa hesabu yangu tunahitaji wakufunzi sita tu badala ya kumi na wanne, na pesa inayobaki inatosha mega za meza zote.

Kura ni Jumapili ijayo baada ya mkutano. Bado hatuna chumba: kile cha zamani kina viti vya kutazama mbele, vimefungwa sakafuni, na hakuna namna watu wanane wanaweza kutazamana. Mwenye kujua sala yoyote karibu na Kasapa yenye meza zinazosogezwa, hata kama haina umeme, aniandikie kabla ya Alhamisi.